Bendi Mpya Uani kwa Mama

Bendi hiyo niliikuta Bukoba mjini, kwenye kibanda cha spika, nikiwa nabishana na muuzaji. Sinunui kitu cha kutoa sauti kabla sijaisikia sauti yenyewe, nikamwambia apige chochote. Gitaa likaingia likikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami, ngoma nzito nyuma yake, halafu jamaa akapiga ukelele kama aliyebanwa kidole na mlango.

Mwili ulinisisimka.

"Hiyo ya zamani umeitoa wapi?"

"Zamani wapi, mzee? Hawa vijana kabisa. Wametoka juzi tu."

"Usinifunge kamba. Mlio huu naujua."

Akanionyesha picha kwenye simu: vijana wanne wa Kizungu, nywele mabegani, suruali pana chini. Niliwahesabu mara mbili. Wanne tu. Niliyekuwa namtafuta amelala kwenye kibanja chetu Muleba, katikati ya migomba, tangu nilipokuwa kijana.

Kaka yangu mkubwa alipenda roki peke yake kijiji kizima. Wenzake walicheza rumba. Yeye alichuma kahawa na redio kaseti chini ya mbuni, akigonga mdundo kwenye kopo. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Tulipomaliza matanga, ukoo ukagawa vitu vyake: koti kwa baba mdogo, baiskeli kwa binamu, kaseti kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikizirudisha nyuma kwa kalamu. Zilikuwa kumi na tisa. Kitu cha marehemu unachokabidhiwa mbele ya ukoo hakiuzwi. Niliziuza zote kabla mwezi haujaisha, tena nikajisifia bei. Mama alipouliza mbona sizipigi, nilimwambia redio imeharibika. Redio hiyo imeharibika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Spika niliichukua kwa bei aliyoitaja. Muuzaji alinitazama kama mgonjwa, akanijazia nyimbo zote tisa za wale vijana.

Jumamosi nikaenda Muleba. Mama alikuwa ameenda kusali jumuiya, nami nilitaka kusikia mlio ule pale ulipokuwa ukisikika. Nikaiweka spika dirishani, ikitazama kahawa iliyoanikwa uani, nikafungulia.

Sikumsikia akirudi. Nilipogeuka alikuwa amesimama ukingoni mwa migomba, rozari mkononi. Hakunitazama. Alitazama kwenye mibuni, vile unavyomtazama mtu aliyechelewa chakula.

"Kumbe umezitunza," akasema.

"Waitu mama..." nikaanza, kwa adabu ya Kihaya.

"Nami nilikuwa nasema moyoni umezipoteza. Miaka yote hii nakuwazia mabaya. Nisamehe, mwanangu."

Mimi, bingwa wa kubishana sokoni, nikainama nikaifuta spika vumbi.

"Niwekee ule wa kuchumia kahawa," akasema. "Ule unaoanza polepole."

Nikatafuta mmoja wa kuanza polepole. Mama akafumba macho. Gitaa likawa linalia taratibu, na kwa muda, sijui mtanisadiki vipi, nilisikia kopo likigongwa kule mibuni. Nilipunguza sauti nihakikishe. Kopo likanyamaza. Nilipoongeza, likarudi.

"Siyo huu," mama akasema, macho bado kayafumba. "Endelea kutafuta. Upo humo."

Nilikuwa na uongo wa kutosha: kanda imekatika, spika imekwisha chaji. Lakini angeningoja nitengeneze. Angeningoja mpaka azikwe pembeni ya kaka.

"Mama, hizi si zake. Hawa ni vijana wapya, wako hai. Za kaka niliziuza."

Akafumbua macho. Wimbo ulikuwa umefika pale gitaa linapopanda, yule kijana anapiga kelele zake. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Waache wamalize," mama akasema, akakaa kwenye kigoda, mgongo kwangu, uso kwenye mibuni. "Halafu utaniambia ulimuuzia nani."