Ndoo Niliyoiacha Mahali pa Sufuria

Naikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashikwa na hasira, kwanza kwa nafsi yangu, kisha kwako wewe. Ndiyo, wewe. Usinikatize, nitafika.

Nilikuwa msichana, nafagia jikoni katika hoteli moja Diani. Shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo nikipotea njiani nivumilie. Kwenye kona ya dirishani alikaa Kaka Mbwana wa Msambweni, kipofu tangu utotoni, kazi yake kukuna nazi na kukamua tui. Wenzake walimtania, "Mwanamume mzima kukalia mbuzi ya nazi!" Naye hujibu, "Mwenye macho na aje akune yeye, tuone kama hamtatafuna vifuu." Wali wa tui lake ulitoka mweupe pe. Siku hizi mwanunua tui la pakiti, linanuka karatasi. Haya, tuyaache.

Kila kitu chake kilikuwa na mahali pake sakafuni: kifumbu cha kuchujia kulia, sufuria ya tui kushoto. Hakupapasa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ijumaa hiyo alipokwenda kuswali, nikamwonea huruma. Nikasema maskini, kila siku kuinama, wacha nimpandishie vitu vyake mezani. Hakuna aliyenituma, wala yeye sikumwuliza. Nikaanza na sufuria, nikapiga deki pale chini, kisha nikaitwa kwingine. Ndoo ya maji machafu nikaiacha palepale kushoto.

Akarudi, akakaa, akakuna nazi za karamu ya harusi, na tui zito lote akalikamulia ndani ya ndoo ya deki. Jiko zima likaangua kicheko. Mpishi mkuu akaja anawaka.

"Si niliwaambia? Kipofu na jikoni wapi na wapi! Nenda nyumbani ukapumzike."

Akapumzike! Mtu ana mke, ana mama kitandani, ati akapumzike! Kaka Mbwana akauliza mara moja tu, "Nani amegusa vitu vyangu?" Nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kitambaa cha deki mkononi, kimya.

Siku ya tatu nikaenda kwao na sukari, kumpa pole.

"Pole nimepewa na mtaa mzima," akasema. "Ile ndoo aliiweka nani?"

"Mimi, kaka. Nilitaka kukusaidia."

"Nilijua. Nilikusikia ukipumua wakati nafukuzwa. Ungeniuliza, ningekwambia niachie vitu vyangu. Ungesema siku ile, leo ningekuwa kazini. Chukua sukari yako. Kamwambie mpishi kwanza, ndipo uje tunywe chai."

Niliogopa kufukuzwa mimi. Nikangoja mwezi mzima. Nilipokwenda kusema, kwenye kona ya Mbwana palikuwa na mashine ya kukunia, inapiga kelele, na mpishi akanijibu, "Sasa ndiyo unaniambia?" Mbwana ameshakufa, Mungu amrehemu. Chai ile hatukuinywa.

Sasa juzi umenijia hapa na viatu vyako vya kung'aa, umepewa ukubwa jikoni, waniambia yule Riziki, kiziwi anayekata mboga, utampeleka stoo akakunje vitambaa peke yake. "Apumzike, mama, namhurumia." Neno lilelile! Wallahi nusura nikurushie kikombe. Umemwuliza? Umemtafuta mtu ajuaye lugha ya ishara, mkaketi watatu, akakwambia mwenyewe kinachomtaabisha? Ati hasikii oda zikiitwa. Ziandikwe ubaoni basi, macho anayo! Na hao wanaomwita bubu huku wakicheka, umewakemea, au nawe wacheka?

Nisikilize, na uyashike. Usimwondoe mtu mahali pake, wala usiguse kitu chake, kabla hujamwuliza yeye mwenyewe. Kazi ikiharibika, tafuta kwanza ni nani aliyehamisha ndoo, usikimbilie kumlaumu kipofu. Na ukikosa wewe, sema saa ileile, mbele ya walewale waliocheka. Ukingoja mwezi, utakuta mashine.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, akupe masikio ya kuwasikiliza unaowaongoza, na ulimi usiochelewa kama wangu. Kesho nenda kamwulize Riziki. Ukishamwuliza, mlete hapa tunywe chai, kisu chake cha mboga kikiwa bado ni chake. Sukari ninayo.