Kilo Tisa za Mama Mkubwa

Kabla ya kuwa mwalimu wa mazoezi niliuza mitumba sokoni Bukoba kwa miaka sita, na kazi hizo mbili hazitofautiani sana kama watu wanavyodhani. Kote unamtazama mtu mara moja ukajua kiuno chake, na kote yeye anakuambia kiuno ni kidogo kuliko hicho. Nilikwenda Mwanza nikasoma kozi ya miezi mitatu, nikarudi na cheti, filimbi na mizani ya kusimamia. Nikapanga ukumbi nyuma ya soko, nikabandika tangazo mlangoni: PUNGUZA KILO TANO KWA MWEZI.

Wasichana wa ofisini walikuja. Kila asubuhi nilihesabu jozi za viatu mlangoni. Saba. Nikihesabu tena, saba. Lakini kina mama wa makamo, ambao ndio niliowalenga kwa sababu ndio wenye presha na sukari, walisoma tangazo wakapita. Mmoja alisimama, kikapu kichwani, akaniuliza kwa upole:

"Unapunguza watu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Kilo tano."

"Hapa tulishapunguzwa vya kutosha," akasema, akaenda zake.

Nilidhani anataka bei ishuke.

Nikaona ninahitaji ushahidi: mtu mzima, wa huku kwetu, anayejulikana, apungue watu wakimwona. Na mtu huyo nilikuwa naye. Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka miwili, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa pale Izigo. Ninamwita mama, kwa sababu sina kumbukumbu ya mwingine wa kumwita hivyo. Mwaka ule kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wake kilikaa miezi minne kabla ya kufunga. Daktari alimweleza bila kuzunguka: sukari imepanda, mwili ni mzito, asipoupunguza na kujizoeza, kidonda kijacho watazungumzia mguu mzima.

Kilo tisini na nne. Nilimpima mara mbili. Mara ya pili alishuka, akaipindua mizani akatazama chini yake, kama alivyozoea kuwafanyia wanunuzi wa kahawa.

"Jiwe liko wapi?"

"Hakuna jiwe, mama."

"Basi mimi ndiye jiwe."

Sikumwambia kwamba nilikuwa na hesabu yangu pembeni. Siku hiyo hiyo nilimpiga picha, amesimama ukutani chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, nikaitunza kwenye simu.

Nilikwenda kila Jumanne na kila Jumamosi. Tulifanyia sebuleni, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, maana alisema mwanamke wa miaka sitini na minne haonekani akiinua magoti kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Kukaa kwenye kigoda na kusimama, mara ishirini," nilimwambia.

"Nane."

"Kumi na nane."

"We mtoto. Nane, na ya nane unisaidie."

"Kumi na tano, na tatu za mwisho nakushika mkono."

"Kumi na tatu," akasema, "na usinishike."

Tukakubaliana kumi na tatu. Hata hizo hakuziamini. "Ya tisa hujaihesabu." Nimehesabu, mama. "Hesabu tena." Hapo ndipo ungejua nani alinilea.

Miezi mitano ikapita. Tisini na nne ikawa tisini, ikawa themanini na nane, ikawa themanini na tano. Sukari ikashuka. Kidole kikabaki kikavu. Mimi nikawa natembea barabarani kama mtu aliyemaliza balo zima la mitumba kabla ya saa nne asubuhi.

Kisha majirani wakaanza kuja. Wa kwanza alileta maziwa, wa pili mayai, wa tatu mkungu wa ndizi. Hawakuuliza kitu. Walikaa, wakatafuna zile buni za kuchemsha tunazompa mgeni, wakamtazama shingo na mikono, wakashusha macho. Mama alikuwa bado anavaa magauni yake yale yale, na sasa yalining'inia mabegani kama yametundikwa kwenye msumari. Jumapili moja baada ya misa jumuiya nzima ilikuja. Wakasali sala za wagonjwa kwa sauti ya chini, na hakuna aliyetaja ugonjwa. Nilipotoka nje, mzee jirani aliniita kando ya migomba.

"Mwanangu, wewe umesomea mambo ya mwili. Dawa ameanza?"

"Dawa gani, baba?"

"Zile. Siku hizi zinatolewa bure, watu wanaishi. Hakuna haja ya kufunga mlango."

Ndipo nikaelewa tulichokifanya. Binti anatoka mjini mara mbili kwa wiki na begi lake. Pazia linashushwa. Kila mwezi mwenye nyumba anapungua. Ile habari tuliiandika wenyewe, tukaibandika mlangoni. Nikamweleza mzee kwamba ni mazoezi tu. Akaitikia kwa kichwa, kwa huruma, kama mtu anayepokea uongo ambao yeye mwenyewe angeusema.

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini muuzaji akiona mali yake inakataliwa, hudhani haikuonyeshwa vizuri. Jumanne iliyofuata nilimpiga mama picha ya pili, nikaiweka pembeni ya ile ya kwanza, nikampa simu.

"Ona, mama. Kabla na baada. Nikiiweka hii kwenye tangazo, watajua ni mazoezi."

Alitazama kwa muda mrefu. Akailaza simu kifudifudi mezani.

"Picha mbili kama hizi ninazo," akasema. "Za mama yako. Ya kwanza ni ya harusi. Ya pili hujawahi kuiona, na hutaiona."

Nilikaa kwenye kigoda.

"Tulizaliwa saba. Miaka ile ya ugonjwa niliwabeba wanne kwenda kuwaogesha. Mama yako alikuwa wa mwisho. Nilimbeba kwa mkono mmoja, mwanangu. Wa pili ulishika ndoo. Mtu mzima, aliyekuwa ananishinda kubeba mikungu. Sasa asubuhi navaa gauni, linanizunguka, natazama kifundo cha mkono wangu, naona cha kwake."

Akakifunika kifundo kwa mkono wa gauni.

"Kufa siogopi, nitakufa na mwili wowote. Ila mwili ule siutaki."

"Na mguu, mama?"

"Mguu wauchukue. Jumamosi usije."

Kule Mwanza walitufundisha misuli, mafuta na mapigo ya moyo. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mahali ambapo unene ni habari njema, na kwamba mtu anaweza kuwa amenenepa kwa makusudi, kama anayeweka akiba, kwa sababu aliwaona wasio na akiba walivyokwisha. Siku hizi dawa za ukimwi zipo. Watu wanazimeza, wanalima, wanaoa, wanazeeka. Lakini jicho halikusoma taarifa hiyo. Jicho la mtu wa umri wake likiona bega limechongoka huanza kuhesabu siku, wala haliulizi. Mimi sikuona lolote la miaka ile. Nilikuwa na miaka miwili, na mtu alikuwa amenibeba mgongoni huku akimbeba mama yangu. Nilirudi mjini nikabandua tangazo. Sikubandika jingine, kwa sababu sikujua niandike nini.

Jumamosi tatu sikwenda Izigo. Alhamisi moja akapiga simu, hakunisalimu.

"Kidole kimepasuka tena. Padogo, kama punje ya mtama."

"Nakuja sasa hivi, twende hospitali."

"Hospitali nimetoka. Wamesafisha, wamefunga. Nimelala na jambo hili siku mbili. Kumbe huu mguu nautaka."

"Ndiyo, mama."

"Kidonda kikifunga tutaanza tena. Nje, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, atakayeona aone. Kesho unikute Kamachumu, kwa fundi cherehani."

Nilimkuta amefika kabla yangu, ameshushwa na pikipiki, mguu una bandeji nyeupe ndani ya ndala. Alikuwa na magauni manne kwenye mfuko. Wanawake wawili walikaa kwenye benchi wakingoja zamu zao, na tulipoingia wakaacha kuongea. Fundi, mzee ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi, alimfahamu mama tangu ujana. Akampima kiuno, akasoma futi, akampima tena. Kisha akashusha sauti, akimwita kwa heshima ya Kihaya.

"Nitakunja kwa ndani, waitu. Sikati. Mwili ukirudi, tunafumua."

Ilikuwa hisani. Mama alinieleza baadaye kwamba miaka ile hakuna mgonjwa aliyepeleka nguo kupunguzwa. Walivaa mbili mbili na sweta juu, wakingoja mwili urudi.

"Usikunje," mama akasema. "Kata."

"Nikikata, hairudi."

"Najua mkasi unavyofanya kazi. Huu ndio mwili nitakaokaa nao. Kata."

Fundi akanitazama mimi, kana kwamba mwili ulikuwa wangu. Mimi ambaye sijawahi kukubali neno la kwanza la mtu yeyote sokoni, nilikuta sina la kuongeza wala la kupunguza. Akalitandaza gauni la kwanza, lile la bluu la kuendea misa, akapitisha chaki, akaingiza mkasi. Mmoja wa wale wanawake alisogea kwenye benchi, akampisha mama nafasi. Mama akamshukuru, akabaki amesimama, mguu wenye bandeji umetangulia, na hakuketi mpaka gauni la nne lilipokatwa.