Kaveera Nyeusi

Jana, katika ua wa hoteli moja ya Kansanga, bwana mwenye glavu nyeupe alitufundisha kuozesha maganda ya ndizi za matoke yawe mbolea. Aliishika ndoo kwa vidole viwili huku amegeuza uso, kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua kuoza. Alipofunua, ile harufu tamu iliyochacha ikanirudisha kwenye kambi ya polisi tulikokulia, kwenye shimo la mama nyuma ya nyumba.

Mama alipita mlango kwa mlango akiomba maganda. Mke wa sajini, mwanamke aliyejipaka poda hata kwenda msalani, aliyafunga kwenye mfuko wa nailoni, kaveera nyeusi, pamoja na nepi chafu ya mwanawe, akatutupia miguuni.

"Nyinyi watu wa kaskazini mnakula mpaka takataka?" aliuliza, na wenzake wakacheka.

Mama alisema asante. Tukaenda kuyachambua kwa mikono, mimi nikilia kwa aibu.

Mvua ziliponyesha, mboga za dodo, ule mchicha wetu, ziliota juu ya lile shimo, majani mapana kama viganja vya baba. Mwisho wa mwezi, majiko ya kambi yalipokuwa matupu, mke wa sajini akaja peke yake, sauti chini.

"Jirani, nisaidie mboga kidogo."

Mama alimkatia nyingi, zile laini. Akaingia ndani, akatoka na kaveera ile ile, imeoshwa na kukunjwa vizuri, akamfungia humo.

"Hii ilikataa kuoza," alimwambia. "Nikakutunzia."