Bibi Aliyerudishwa Kwao

Mwaka 1993, viwanda vilipopunguza watu na wengi wakabaki barabarani, kanisa moja la Shelui lilifungua nyumba ya kulaza wasio na makazi. Eliana, mhudumu wa nyumba hiyo, alipika uji na kutandika mikeka. Furaha yake kubwa ilikuwa kuona mtu amerudi kwao.

Bibi Winfrida alifika mwezi wa tatu, jicho limevimba.

"Shikamoo, bibi. Kwenu ni wapi?"

"Marahaba. Mbele ya Kinyangiri. Lakini kule hawanitaki, mwanangu."

Eliana aliona ni manung'uniko ya uzee tu. Akamwombea lifti kwenye lori la alizeti, akamfunika blanketi mabegani. Bibi hakubisha. Alimshika Eliana mkono, asiuachie mpaka dereva alipopiga honi.

Baada ya wiki mbili dereva yule alipita tena, akakataa uji.

"Yule bibi wamemchomea nyumba akiwa ndani. Wanasema alikuwa mchawi. Hata lile jicho walimpiga wao, ndiyo maana alikimbia."

Eliana alikwenda kijijini. Walimpokea vizuri, wakampa kiti na togwa. Alipouliza kaburi liko wapi, mwenyeji alimwonyesha kwa kidole shamba la mtama lililostawi kuliko mengine yote, kisha akaendelea kuzungumzia mvua.

Alirudi Shelui na kuifanya kazi ile miaka kumi na mmoja zaidi. Lakini jikoni, penye moto, hakuingia tena peke yake, hata mchana.