Firigisi ya Ijumaa Kuu

Baba yangu, Efraimu, alikuwa nyapara wa barabara pale Makambako kwa miaka kumi na saba, na alizoea kusema na kila mtu kana kwamba kashika sururu vibaya. Hasira zake nimezirithi mimi, sikatai. Waliomwona Jumapili kanisani, koti jeusi, kitabu cha nyimbo kwapani, walimwita mzee mpole. Wangekuja nyumbani siku chumvi imezidi kwenye mboga ndipo wangemjua.

Mwaka 1946 niliolewa na Agustino, seremala wa misheni ya Wakatoliki karibu na Njombe. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na baba yake kabla yake. Siku aliyopata habari alisema mengi, mengine nimeyasahau, lakini lililonikata maini ni moja: kwamba watoto nitakaowazaa kule ni wa kule, yeye hana wajukuu kwa Papa. Nami nina mdomo. Nikamjibu kwamba basi asiniulizie. Hakuniulizia, miaka minane. Nikazaa Vestina, nikamzaa Romanus, nikamzaa Emerensiana, na mama peke yake ndiye aliyekuja kuwaona, kwa kuaga kwamba anakwenda kununua ngano.

Mama yangu, Hulda, ndiye aliyechoka. Mwaka 1954, Kwaresima inakaribia kwisha, akaniletea barua iliyoandikwa na mwalimu wa shule, maneno machache tu: njoo na watoto kwa Pasaka. Nikamtumia jibu kuuliza, je, Baba kasemaje? Akajibu kwamba Baba hakusema kitu, na mwanangu unamjua, angekuwa hataki angesema. Agustino akanihimiza niende. Yeye angemaliza madawati ya shule ya misheni halafu aje kutuchukua Jumatatu. Wewe huyajui hayo, nilimwambia, wewe hujawahi kukaa nyumba moja na mtu yule akiwa amenuna.

Tukapanda lori la viazi Alhamisi Kuu asubuhi, watoto wamefunikwa gunia kwa baridi. Tulifika jioni. Baba alikuwa anachanja kuni uani. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamwamkia. Akaitikia, hilo siwezi kumnyima, akawaangalia watoto mmoja mmoja kama anayekagua daraja, kisha akarudia kuni zake. Mle ndani mama alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anawavua watoto nguo zilizolowa, anawapa togwa ya moto. Mimi nilikaa roho juu. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba nataka kitu kimoja tu, awaite watoto hawa wajukuu zake, mara moja, nisikie kwa masikio yangu. Asipowaita, Jumatatu nitaondoka na sitarudi tena hata kwa msiba. Ndivyo nilivyoapa, na mimi nikiapa huwa siapi kwa mchezo.

Ijumaa Kuu wenyewe walikwenda kanisani kwao asubuhi. Sisi tukasali Njia ya Msalaba nyuma ya nyumba, Vestina ndiye akiongoza. Alikuwa na miaka saba, yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na alikuwa na msimamo mkali kuliko padri. Romanus, wa miaka minne, yeye alipiga magoti pale tu alipochoka kusimama. Baadaye nikaenda shambani kuvunja mahindi mabichi, mtoto mgongoni, na huko nilikawia kwa sababu nilitaka kukawia.

Niliporudi nikakutana na harufu mlangoni. Mama alikuwa amemchinja jogoo wake mwekundu, yule aliyekataa kumuuza hata kwa Wahindi wa dukani. Yumo chunguni, anachemka na vitunguu. Uso wa mama ulivyokuwa unang'aa, jamani! Mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na yeye kwa miaka minane hakuwa na nafasi ya kumchinjia mwanawe. Kwao Ijumaa Kuu ni siku ya huzuni, wanavaa nyeusi, lakini nyama hawajakatazwa. Sisi hatuigusi. Nilipaswa kumwambia palepale. Nilifungua mdomo, nikamwona anaonja mchuzi kwenye kiganja chake na kuniangalia, nikafunga mdomo. Nikajidanganya kwamba mimi na watoto tutakula ugali na majani ya maboga huko jikoni kimyakimya, hakuna atakayejua. Hilo kosa ni langu. Sijampa mtu mwingine hata siku moja.

Baba aliandaliwa mezani, peke yake, sebuleni. Sisi tulikuwa jikoni. Akaita. Alitaka kunawishwa mikono, na hakuniita mimi wala mama. Alisema aje yule mkubwa. Vestina akabeba beseni na birika, akapiga magoti kama nilivyomfundisha, akammwagia maji taratibu bila kumwaga hata tone sakafuni. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango, mama nyuma yangu ananipumulia shingoni.

Baba akafunua bakuli. Akatafuta kwa kidole, akaipata firigisi. Sasa, msiojua mjue: kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto haombi, mwanamke haigusi, hata akiwa peke yake jikoni na njaa zake. Mimi nilikua kwenye nyumba ile mpaka kuolewa na sikuwahi kujua ladha yake. Na yule mzee akaichukua, akaipuliza ipoe, akamnyooshea Vestina.

Mama alinishika mkono akaubana. Wala hakuhitaji. Nilielewa yote. Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi, hakuwa na maneno hayo kinywani mwake. Alikuwa na firigisi.

Vestina akaweka mikono nyuma.

"Asante, Babu," akasema, kwa adabu kabisa. "Lakini leo siwezi. Leo Yesu amekufa, hatuli nyama."

Baba akabaki na mkono umenyooka. Akauliza nani kamwambia hivyo, mtoto akajibu ni mwalimu wa mafundisho, na mama yake pia anajua. Akairudisha firigisi bakulini, akafunika, akasimama na kutoka nje. Hakula. Bakuli lilikaa mezani mpaka mchuzi ukaganda.

Mori ulinipanda hata sikuona mbele. Nilimvuta Vestina jikoni nikanyanyua mkono, na mama akaudaka hewani. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nataka kumchapa mtoto kwa kushika dini aliyofundishwa na mamaye. Nikakaa chini kwenye kigoda. Nilikuwa nimekasirika na mtoto, na Baba, na Papa wa Roma, na jogoo, lakini kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimekasirika na mimi mwenyewe. Neno moja tu kwa mama pale kwenye chungu na mambo haya yasingetokea. Vestina alikuja akaegemea goti langu akaniuliza kama Babu amemchukia. Nikamwambia hapana. Sikujua.

Jumamosi Baba aliongea na mama tu. Tulikwenda kuchuma maua ya kupamba kanisa lao, watoto wakajaza vikapu, Romanus akaanguka mtoni akatolewa akiwa na kiatu mguu mmoja tu. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Nami nilicheka, nikasahau kidogo. Mchana ule nilipanga kwamba Pasaka alfajiri nitawachukua watoto tuvuke mto mpaka kigango cha Wakatoliki, mwendo wa saa mbili kwa miguu, tukasali, turudi tule sikukuu, na Jumatatu tuondoke zetu. Lakini kufika jioni Emerensiana alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, anakataa ziwa.

Kulipokucha Jumapili alikuwa bado na homa. Mama na Baba walishakwenda alfajiri na wenzao makaburini, kule wanakolipokea jua la Pasaka kwa nyimbo, na nilizisikia zinavyopanda kwenye ukungu, nzuri zile, nilizoimba utotoni. Vestina alikuwa ameshavaa gauni lake jeupe na kujichana mwenyewe. Nikamwambia leo hatuendi, mtoto mgonjwa, Mungu anaelewa. Akauliza kama Mungu anaelewa hata siku ya Pasaka. Nikamwambia hata siku ya Pasaka, usinichoshe. Akaenda kukaa kwenye kizingiti, mikono magotini. Wala hakulia. Afadhali angelia.

Baba alirudi kutoka makaburini na mama ili wanywe chai kabla ya ibada kubwa. Alikuwa na koti lake, Biblia mkononi, na siku ile zamu ya kusoma somo mbele ya watu ilikuwa yake. Alikuwa amelisoma kwa sauti chumbani wiki nzima, mama aliniambia. Akasimama mbele ya mtoto pale mlangoni. Mtoto alikuwa amemzibia njia na hakusogea.

Akamuuliza mbona umekaa hapa. Vestina akamweleza yote: mdogo wake anaumwa, mama hawezi kumwacha, kigango kiko mbali, na yeye peke yake haruhusiwi kuvuka mto. Hakumwomba kitu. Nilikuwa ndani, mtoto kifuani, nasikia kila neno.

Kengele ya kwanza ya kanisa lao ikalia. Kisha nikamsikia Baba anamwambia mama, "Chukua Biblia hii. Mwambie Mzee Nahumu asome yeye." Mama akauliza na wewe je. Baba akamtupa Romanus mabegani, akamshika Vestina mkono, na nikawaona kupitia dirishani wanashuka njia ya mtoni, koti jeusi na gauni jeupe, mtoto anahesabu jambo fulani kwa vidole na mzee ameinamisha kichwa amsikie.

Walirudi jua limeshapita utosini. Mwalimu wa kigango kile alinisimulia baadaye kwamba mzee alikataa kuingia. Aliwaingiza watoto, akawatafutia mahali pa kukaa mbele, akatoka akasimama chini ya upenu wa nyasi, kofia mkononi, mvua ikamnyea, mpaka sala zikaisha. Walimletea kigoda akakataa. Alisema yeye anasubiri watu wake.

Emerensiana alikuwa ameshaanza kutoka jasho na kunyonya. Nami nilikuwa mlangoni niwalaki, nikamwona mzee Nahumu amewatangulia uani. Huyu ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa mwenzake, na ibada ilipokwisha alikuja moja kwa moja kujua kulikoni, maana katika miaka yote ile Baba hakuwahi kukosa Pasaka hata siku moja, hata ule mwaka alipovunjika mguu alibebwa. Baba akaingia uani na tope mpaka magotini, Romanus amelala mabegani, udenda umemmwagikia mzee kwenye kola.

Nahumu akamwuliza ametoka wapi siku kubwa kama hii.

"Nimempeleka mjukuu wangu kanisani," Baba akasema.

Nahumu akauliza kanisa gani, kana kwamba hakujua.

"La kwake."

Ndivyo alivyosema. Hakuniangalia mimi, alikuwa anahangaika kumshusha Romanus bila kumwamsha. Mimi ndiye mtu niliyejiandaa miaka minane kumjibu mzee yule, nilikuwa na majibu ya kutosha kujaza lori, na sikupata hata moja. Nilikaa chini palepale mlangoni nikalia, mtoto mikononi, mama akaja akanitoa njiani ili watu wapite kwenda kula.

Jumatatu Agustino akafika, amenyoa ndevu mara mbili kwa woga. Baba akamtolea kiti nje, akamuuliza juu ya mbao za mpodo, wakazungumza mbao mpaka tukaitwa kupanda lori.

Wazee wa usharika walikaa kikao wiki iliyofuata. Wakamsimamisha Baba kazi ya uzee wa kanisa miezi sita kwa kuacha zamu yake siku ya Pasaka na kwenda alikokwenda. Mama aliniandikia hayo na nikaogopa, nikajua sasa atanichukia upya, maana kazi ile aliipenda kuliko mshahara wake. Nikasubiri. Jumamosi moja mwezi wa tano Romanus akaja mbio kutoka barabarani akisema kuna mzee anashuka kwenye lori ana mfuko wa mahindi. Nilitoka na unga mikononi. Alikuwa amesimama anaikung'uta kofia yake vumbi.

Akasema kwamba kwa vile sasa Jumapili hana kazi, amekuja kuwaona wajukuu zake.