Jeneza la Ayalandi na Kicheko cha Mama Neema

Mwanangu, jana uliniuliza kwa nini wahakiki wanazimwagia sifa filamu za Ayalandi, zile ambamo watu wanataniana mbele ya maiti. Uliona ni utovu wa adabu. Jibu la swali hilo lina mwenyewe, naye ni Mama Neema.

Nakumbuka alasiri moja ya mvua pale Namuwongo, karibu na reli. Enzi hizo nilikuwa kijana wa kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video: picha inatembea, nami na kipaza sauti nawaeleza watu, kwa Kiswahili chetu cha Kampala, wahusika wanasema nini. Siku hiyo nilileta filamu ya Ayalandi. Kasha lake lilijaa maneno ya wahakiki, kila mmoja akisifu kumshinda mwenzake, nami nikayaamini.

Katika filamu hiyo, ndugu wawili waliokosana wanapandisha mlima jeneza la baba yao. Hawasemezani, basi kila mmoja anamtuma marehemu.

"Mzee, mwambie mwanao ainue upande wake."

"Mzee, mjibu kwamba mvivu ni yeye tangu utotoni."

Kibanda kizima, wake wa askari waliopanga mtaani kwetu na wachuuzi, wakashika mbavu.

Ndipo nikamwona Mama Neema benchi la nyuma. Alikuwa Mkongomani, muuza vitenge, na alikuwa amemzika mumewe majuzi tu. Tangu mazishi alikuwa hali chakula vizuri wala haongei. Binti yake, Neema, alimleta ili asishinde peke yake ndani, bila kujua tunaonyesha nini. Nikasimamisha filamu.

"Samahani, mama yetu. Tunaweka nyingine, ya ngumi."

Akainuka. "Nani amekutuma unichagulie kilio?"

Akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Rudisha ile ile, mwanangu. Siku tunamzika baba Neema, wachungaji wawili waligombania kuomba, huyu akimkatiza yule, mpaka mbuzi akaja akala maua ya jeneza. Kicheko kilinibana, nikajifunika kitenge. Watu wakasema, maskini, ona anavyolia. Nikaona aibu, nikafunga mdomo mpaka leo. Na yule mwanaume alivyopenda mzaha! Angekuwa hai, angeanza yeye kucheka."

Nikairudisha. Alicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Wake wa askari wakamsogelea, wakamkumbatia. Neema akakimbilia nje, akarudi na chapati na maharagwe, na mama akala palepale, akiwasimulia jirani zake habari za mumewe.

Moyo wa mwenzako ni msitu wa giza, mwanangu. Mimi nilidhani namstahi, kumbe namfungia mlango. Namshukuru kwa kunikemea mbele za watu, na nawashukuru wale watu wa mbali, wa mvua na milima yao, waliothubutu kutengeneza filamu ile. Wahakiki walikuwa na haki ya kuisifu.

Kwa hiyo ukienda msibani usimpimie mfiwa huzuni yake. Akilia, lia naye. Akicheka, usimkazie macho. Keti karibu, muulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, halafu sikiliza.

Mungu akujalie majirani wenye mikono ya kukumbatia. Na siku mtakaponizika mimi, awape jambo la kuchekea.