Mashimo ya Mwatumu

Mwatumu binti Sadalla wa Kigombe alirithi kwa mamake mashimo ishirini na saba ya pweza, yote kwenye Mwamba Mweupe, ambao huonekana siku za bamvua tu, maji yakipwa kabisa. Hakuna aliyeyaandika popote. Kila shimo lilikuwa na jina, na mama humtajia binti yake majina hayo anapopata mimba ya kwanza, wakiwa wawili, miguu majini. Mwingine hatajiwi, hata dada wa tumbo moja. Wanawake wengine nao walikuwa na yao pale pale, kwa siri hiyo hiyo.

Mwaka 1954 serikali ilitaka kuipanga bahari ya pale: wapi wavuvi watege, wapi mikoko ikatwe, wapi pachimbwe njia ya matishari ya kubebea mkonge, na tope la njia hiyo likamwagwe wapi. Akaja Mzungu wa ramani na karani wake Hatibu, mtu wa Muheza. Walipima wakati wa maji mafu, mwamba haujatoa hata kichwa. Wanaume walitaja madema na nyavu zao, vikaandikwa. Kisha Hatibu akawafuata wanawake uani, walikokuwa wakisuka makuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Mwatumu. "Mmemaliza machungwa yenu huko Muheza, sasa mmekuja kutuhesabia maji?"

Wanawake wakacheka. Hatibu naye akacheka, akafungua daftari.

"Pale penye mwamba, mama, pana kazi gani?"

Kicheko kikakatika. Mwanasiti, binti wa Mwatumu, alikuwa ameketi ubavuni mwa mamake. Alikuwa hajapata mimba, hajatajiwa kitu.

"Pale? Mawe tu, mwanangu. Utavua nini kwenye mawe?" akasema Mwatumu.

"Nawe, mama?" Hatibu akamgeukia jirani wa Mwatumu, Mwanamwema.

"Mawe," akasema Mwanamwema, macho kwenye makuti.

Wote saba walisema mawe. Hatibu akaandika.

Baada ya miezi mitano jumbe alisoma amri barazani: tope litamwagwa Mwamba Mweupe, kwa kuwa hapatumiwi na mtu. Asubuhi ile ile Mwatumu alikwenda kwa jumbe, na kwa mara ya kwanza maishani akataja jina la shimo mbele ya mwanamume. Akataja la pili, na la tatu.

"Binti Sadalla," jumbe akamuuliza taratibu, "ulipoulizwa ulisemaje?"

"Nilisema mawe."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Nitapeleka barua Tanga."

Akapeleka. Jibu halikuja, tope likaja.

Bamvua iliyofuata wanawake saba walishuka na vijiti vyao vya kuchokolea pweza. Mwamba wote ulikuwa wa kijivu. Mwatumu alisimama alipodhani pana Kizee, shimo alilolipenda mamake, akachoma kijiti. Kikazama mpaka kiganjani, kisiguse jiwe. Karibu yake Mwanamwema alisema kwa sauti, bila kumwangalia mtu, "Langu kubwa lilikuwa hapa." Hakuna aliyemkataza.

Mwanasiti, aliyefuatana nao, alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Mama, nitajie na mimi."

Mwatumu akamshika mkono, akaanza, akionyesha kwa kidole juu ya tope. Alipofika la ishirini na mbili hakujua tena yaliyobaki yalikuwa upande gani. Akayataja tu, moja moja, huku maji yakirudi.